Santuri Ndefu Zilizolala Rafuni: Hesabu za Biashara ya Muziki kati ya Nakuru na Kericho

Katika biashara ya muziki ya Kenya kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, santuri ndefu, yaani sahani ya inchi 12 izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba takriban dakika 20 kila upande, haikupata kuwa bidhaa ya umma katika ukanda wa kati wa Bonde la Ufa. Iliyouzwa ni santuri ndogo ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika na kubeba dakika chache tu kila upande. Jambo hili halina budi kutangulia sifa zote zinazomiminiwa leo albamu zilizopuuzwa za enzi hizo, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zilishindwa kabla mnunuzi hajazisikia: hazikulingana na mshahara wake, wala na gramafoni ya betri aliyoimudu, wala na chumba alichoishi.

Nakuru, mji uliokua kwa reli, mazao ya mashamba makubwa na barabara kuu iendayo Uganda, ulikuwa kituo cha kupitishia na kuuzia muziki kuliko kuwa mahali pa kuutengenezea, na hadi leo, ingawa ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Desemba 2021, haujawahi kujulikana kwa kampuni kubwa ya kurekodi. Heshima hiyo iliuendea mji mdogo wa Kericho, upande wa magharibi, ambako familia ya Chandarana iliendesha duka na lebo ya santuri, yaani jina la kibiashara linalobandikwa katikati ya sahani kumtambulisha mtayarishaji. Mtu akiuliza kwa nini lebo ya namna hiyo iote mizizi Kericho badala ya mji mkubwa zaidi, jibu limo mashambani: mashamba ya majani chai yaliwakusanya mahali pamoja Wakipsigis wa eneo hilo na vibarua Waluo, Waluhya na Wakisii kutoka magharibi, wote wakipokea fedha taslimu kila mwisho wa mwezi na wote wakitamani kusikia lugha ya nyumbani. Hivyo orodha ya Chandarana ilifuata ramani ya vibarua hao, ikiwa na benga ya Kiluo, gitaa la Kiluhya na nyimbo za Kikisii, pamoja na wanamuziki wa Kikipsigis kama Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et.

Soko la aina hiyo lilikuwa na wateja wengi kwa ujumla lakini wachache kwa kila lugha, na hapo ndipo hesabu ya santuri ndefu ilipovunjika. Kabla ya sahani ya kwanza kutoka kiwandani, sauti iliyorekodiwa huchongwa kwenye bamba laini, kisha bamba hilo hutumika kutengenezea kinu cha chuma cha kugandamizia plastiki. Gharama ya hatua hizo ni ileile, ziuzwe nakala mia tatu au elfu thelathini. Viwanda vya kugandamizia vilikuwa Nairobi, na mtayarishaji wa Kericho aliyeagiza santuri ndogo alihatarisha gharama ya nyimbo mbili, au ya wimbo mmoja uliogawanywa, ilhali aliyeagiza santuri ndefu alihatarisha nyimbo nane au kumi kwa pamoja, pamoja na jalada la kadibodi lililohitaji mpiga picha na mchapishaji. Wimbo ulioanguka ulifunikwa na uliopendwa mwezi uliofuata; albamu iliyoanguka ilikaa rafuni na mtaji wote ndani yake. Mfanyabiashara aliyekataa kuitoa hakuwa adui wa sanaa, ingawa baadhi ya wapenzi wa muziki wa siku hizi humsema hivyo.

Kizuizi hicho cha biashara kiliunda hata sura ya muziki wenyewe. Benga, muziki wa gitaa jepesi na la kasi uliochipuka miongoni mwa Waluo, ulizoea kugawanywa katika sehemu ya kwanza na ya pili: upande wa kwanza ulibeba maneno na masimulizi, sauti ikafifishwa, na mchezaji akageuza sahani ili apate upande wa pili, ambako magitaa yalishika kasi na mwimbaji akaanza kuwataja wafadhili na marafiki kwa majina. Nyimbo kama hizo zilipokusanywa kwenye santuri ndefu bila kurekodiwa upya, pengo la katikati lilibaki: muziki unafifia, kimya cha sekunde mbili tatu kinapita, kisha wimbo uleule unaanza tena kana kwamba bendi imetoka kunywa maji. Mikusanyo hiyo, yaani albamu zilizoundwa kwa nyimbo zilizokwisha kuuzwa moja moja, ilikuwa na udhaifu mwingine ulio wazi, kwa sababu mteja mwaminifu, ambaye ndiye pekee angeweza kuinunua, tayari alikuwa na nusu ya nyimbo hizo nyumbani.

Albamu zilizopangwa tangu mwanzo kuwa albamu zilielekezwa zaidi kwa wasikilizaji wa mbali. Kampuni ya Virgin ya Uingereza ilitoa Agwaya ya Orchestra Makassy mwaka 1982 na Kaivaska ya Super Mazembe mwaka 1983, zote kazi za bendi zilizokuwa na makao Nairobi. Wakati huo nyumbani kanda za kaseti zilikuwa zimeshika njia, na kwa kuwa yeyote mwenye redio-kaseti mbili aliweza kunakili kanda, mapato ya watayarishaji yalimomonyoka kwa kasi ambayo sahani haikupata kuijua.

Kuna mfano wa zamani zaidi wa santuri ndefu zilizolenga wasikilizaji wa mbali, na pengine wenye mafunzo mengi zaidi kwa biashara. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi katika nchi ya Wakipsigis wimbo wa Chemirocha, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, jina lenyewe likiwa limetokana na la mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Rekodi za Tracey zilikuja kutolewa katika mfululizo wa santuri ndefu 210 uitwao Sound of Africa, uliokusudiwa hasa vyuo na maktaba, na usingetarajiwa kushindana na bidhaa za madukani. Nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis katikati ya miaka ya 2010, kwa juhudi za hifadhi aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini na mradi wa Singing Wells unaoihusisha Ketebul Music ya Nairobi, baadhi ya walioimba wakiwa bado hai. Kwa miongo kadhaa, basi, bidhaa hiyo ilipatikana zaidi kwa msomaji wa chuo cha ng'ambo kuliko kwa mwenye sauti.

Soko la pili la muziki huu, lile la wakusanyaji, linakwenda kinyume na la kwanza, kwa maana uchache uliomtia hasara mtayarishaji ndio unaopandisha bei leo. Lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013 na wa pili mwaka 2016, ikitegemea sana santuri ndogo zilizokuwa zimesahauliwa, na wanunuzi wa sahani kuukuu hupita madukani na majumbani wakikagua mikwaruzo kwenye mwanga wa dirisha na kusoma namba iliyochongwa kwa mkono karibu na lebo, kwa kuwa namba hiyo huonyesha kinu kilichotumika. Fedha inayobadilishana mikono hapo ni bei ya kitu kilichotumika, na sheria haimpi mwanamuziki fungu lolote ndani yake.

Fungu lake huja tu nyimbo zinapotolewa upya, na hapo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatofautisha haki mbili: ulinzi wa sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali ulinzi wa utunzi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, haki ya lebo ya Kericho juu ya rekodi ya mwaka 1974 ilikoma mwishoni mwa 2024, lakini ikiwa mtunzi wa wimbo huo alifariki mwaka 2007, warithi wake wana dai halali hadi mwishoni mwa 2057, ingawa dai hilo huwa gumu kulithibitisha ikiwa jina lililochapwa kwenye lebo ile ya karatasi si lake bali ni la mwenye duka.