Sikio Lina Askari Wake

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Je, msomaji mpenzi, wajua kuwa kabla ya kufa sikio hupigana vita vikali?

Ndani kabisa, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, mna kijia kilichojiviringa kama nyumba ya konokono. Kinaitwa koklea, nacho kimejaa majimaji. Humo mna seli za vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo hivyo hujipanga kama ngazi na kushikana kwa nyuzi nyembamba mno. Sauti ikiingia, majimaji hutikisika, vinyweleo huinama, nyuzi hukazika, na seli hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo tunasema tumesikia.

Basi kelele zikizidi, nyuzi hukatika na vinyweleo hulala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Isitoshe, seli iliyochoshwa hutoa kemikali zenye sumu zinazoiunguza yenyewe.

Je, seli hukaa tu ikingoja kufa? La, hasha! Kwanza, msuli mdogo katika sikio la kati hukaza kifupa ili kupunguza kishindo. Lakini huchelewa kidogo, kwa hivyo mlipuko wa ghafla huupita. Pili, seli hutengeneza kemikali za kuzima ile sumu, pamoja na protini za ulinzi. Seli jirani, ziitwazo seli saidizi, nazo huchangia protini hizo. Ujirani mwema kweli! Tatu, nyuzi zilizokatika huweza kuota tena kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu hutoka disko masikio yakimlia "nziii", na kesho yake akajiona mzima.

Hata hivyo, usidanganyike. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele walipata tena usikivu wao, lakini miunganisho mingi kati ya seli na neva ilikuwa imepotea kabisa.

Askari wakishindwa, seli hufa. Seli saidizi huziba pengo, na mambo huishia hapo. Kuku anatushinda! Mwaka wa 1988 iligunduliwa kuwa ndege huotesha seli mpya za vinyweleo. Koklea ya binadamu haifanyi hivyo.

Kwa hivyo wenzangu, tuwasaidie askari hawa. Wataalamu husema kelele za desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda ukatwe nusu. Ukifika desibeli 100, una dakika 15 tu! Kwa hivyo kwenye matatu usikae kando ya spika, punguza sauti ya visikizio, na ukitoka penye kelele yapumzishe masikio. Kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye masikio na asikie, angali anasikia.