Chombo cha Muziki kwa Mstaafu Anayehamia Usambara

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida hulazimika kustaafu atimizapo umri wa miaka 60. Wenyeji wengi wa Lushoto waliofanya kazi Dar es Salaam, Tanga, Nairobi au ng'ambo huchagua wakati huo kurudi milimani, penye hewa baridi, shamba na ndugu. Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa kiinua mgongo kabla ya safari ni chombo cha muziki. Ununuzi huo huonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, kiinua mgongo hakilipwi mara mbili, na chombo kilichonguruma vizuri katika duka la Kariakoo chaweza kuwa bubu kikifikishwa Mlalo au Bumbuli. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Hutokana na mambo manne yanayoelezeka kisayansi: mawimbi ya redio, umeme, unyevu wa hewa, na sikio la msikilizaji mwenyewe.

Mawimbi na mabonde

Mji wa Lushoto uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya Usambara Magharibi hupita meta 2,000. Kati ya vilele hivyo mna mabonde yenye kuta ndefu, ambamo watu wengi wamejenga. Matangazo ya FM hurushwa kwa masafa ya karibu megahezi 100, ambayo wimbi lake lina urefu wa meta 3 hivi. Wimbi la namna hiyo husafiri karibu sawa na mwanga: likikuta mlima, nyuma ya mlima huwa na kivuli. Ndiyo sababu nyumba iliyoko Mtae, ukingoni mwa milima juu ya tambarare ya Mkomazi, huweza kunasa kituo cha mbali, ilhali nyumba iliyo bondeni, hata ikiwa karibu zaidi na mtambo, haipati ila mkwaruzo.

Mawimbi ya kati yana tabia nyingine. Kituo kinachotangaza kwa kilohezi 600 hutumia wimbi lenye urefu wa meta 500, na wimbi refu hivyo hupinda juu ya kilima na kufuata uso wa ardhi. Kwa mawimbi hayo, pamoja na yale ya masafa mafupi yanayorudishwa chini na tabaka za juu za angahewa, kizazi kinachostaafu sasa kilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam katika ujana wake. Siku hizi vituo vingi vimehamia FM. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kwanza kuwauliza majirani wa kitongoji atakachoishi wanasikia vituo gani, kwa redio gani, na mahali gani pa nyumba. Kupandisha antena ya FM kwa meta chache tu, ili ione juu ya ukingo wa bonde, mara nyingi huleta faida kuliko kununua redio ya bei kubwa zaidi.

Anayerudi kutoka ng'ambo ana la kuangalia zaidi. Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zilianza megahezi 76 na kwa miaka mingi ziliishia 90, ilhali FM ya Tanzania huanzia 87.5 hadi 108. Redio kama hiyo, hata iwe nzuri namna gani, haitasikia sehemu kubwa ya vituo vya nchini. Zile za Marekani hupanga vituo vya mawimbi ya kati kwa hatua za kilohezi 10, na huku hatua ni kilohezi 9. Yafaa kuhakikisha kwamba zina swichi ya kubadilisha.

Umeme wa nyumbani na umeme wa betri

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na mkondo wake hubadilika mara 50 kwa sekunde. Ule wa Marekani ni wa volti 120 na mara 60. Kibandiko chenye maandishi ya volti 100 hadi 240 huonyesha kwamba chombo kinafaa pande zote mbili. Transfoma huweza kurekebisha volti, lakini haiwezi kubadilisha hizo mara 50 kuwa 60. Jambo hilo huwaathiri wenye mashine za zamani za santuri ambazo mota zake hufuata mkondo: mashine ya Marekani ikiwashwa Lushoto huzunguka kwa mwendo wa sehemu tano kati ya sita, na mwimbaji husikika kana kwamba amezeeka ghafla.

Kwa kuwa umeme hukatika na vitongoji vingine viko mbali na nyaya, chombo cha kuchukulika chenye betri ya ndani kina nafasi ya kwanza. Muda wake hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Betri ya volti 3.7 yenye uwezo wa ampea-saa 4 ina wati-saa 15 karibu. Chombo kinachotumia wati 5 kitaimaliza kwa saa 3. Sauti ikipunguzwa hadi kutumia wati 1.5, saa hufika 10. Baridi ya Usambara si adui wa betri za lithiamu. Joto ndilo linalozichakaza upesi. Yafaa kuchagua chombo ambacho betri yake hufunguliwa na kubadilishwa, kwa maana betri hiyo itakufa kabla ya spika.

Mwenye kutegemea paneli ya jua akumbuke ukungu. Siku ya ukungu mzito paneli huweza kutoa chini ya robo ya nguvu yake, na katika miezi ya masika siku za namna hiyo hufuatana. Hesabu ya paneli ifanywe kwa siku mbaya.

Wati za kweli na wati za boksi

Maboksi mengi huandikwa wati 500 au 1,000 kwa herufi kubwa. Nguvu haiwezi kutoka pasipoingia. Mnunuzi atazame kifaa kinachoingiza umeme: kikiandikwa volti 12 na ampea 2, kinaleta wati 24, na chombo hakitaweza kutoa zaidi ya hizo mfululizo. Isitoshe, sikio halihesabu wati kama duka linavyohesabu. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu lazima iongezeke karibu mara kumi. Katika sebule ya kijiji tulivu wati chache hutosha.

Kinachostahili kulipiwa ni ukubwa wa spika na sanduku lake. Sauti nene huhitaji kusukuma hewa nyingi. Spika yenye upana wa sentimeta 10 ina eneo mara nne ya ile ya sentimeta 5, hivyo hutoa besi bila kuhangaika. Chombo kidogo kama kikombe hubebeka kwa urahisi, lakini besi yake ni ya kubuni.

Ukungu wa nje na ukungu wa ndani

Kiswahili huita kwa neno moja, ukungu, mvuke unaofunika milima na kuvu inayoota juu ya nguo. Huko Usambara wa kwanza huzaa wa pili. Hewa ndani ya nyumba ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu, kuvu huota juu ya kaseti, na viungo vya shaba huota kutu ya kijani. Chombo kiwekwe mbali na ukuta wa nje, nacho kitumike mara kwa mara, kwa sababu joto lake lenyewe hukikausha. Betri kavu zisiachwe ndani ya redio isiyotumika, maana zikivuja hula viungo.

Hatari kubwa iko katika kaseti zenyewe. Santuri za Jamhuri Jazz na za Black Star Musical Club za Tanga huenda zikapatikana kwingine. Sauti ya mzazi aliyekwisha fariki, iliyonaswa arusini mwaka 1983, haipo popote ila katika utepe mmoja. Kaseti 100 za saa moja moja, zikihamishwa kwa ubora kamili wa sahani ya CD, huchukua takriban gigabaiti 64 tu, nafasi inayoenea katika kadi moja ndogo. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kuhama, nakala ziwe mbili na zikae nyumba mbili. Fedha itumikayo hapo haina mbadala. Spika hununulika tena.

Sikio la miaka sitini

Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kadiri umri unavyosogea, sauti za juu ndizo hutoweka kwanza, na wengi wenye miaka 60 hawasikii vema zaidi ya 12,000. Kulipia chombo kinachojisifu kufika 40,000 ni kulipia asichoweza kusikia mtu yeyote. Herufi kama s, f na t, zinazotenganisha neno na neno, ziko chini ya hapo, na besi nzito huzifunika. Kwa hiyo kipimo bora hakimo katika boksi. Mnunuzi aende dukani na wimbo wa taarabu anaoujua kwa moyo, aupige kwa sauti ya wastani, asikilize kama kila neno linatoka, na fidla inatengana na kanuni.

Kwa ufupi, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza nakala za kaseti, kisha antena, kisha betri inayobadilishika, na mwisho spika yenye maneno safi. Atakayefuata mpangilio kinyume atakuwa na chombo kizuri na kimya kirefu.