Kugundua na Kutambua: Lugha ya Kuipokea Sanaa ya Picha

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1990, picha zilizopigwa na Waafrika katika studio za mijini zimepata nafasi katika kumbi za sanaa za Ulaya na Marekani. Anayeieleza habari hiyo kwa Kiswahili huvutwa upesi na kitenzi gundua: msanii fulani "aligunduliwa" mwaka fulani. Makala haya yanakilinganisha kitenzi hicho na tambua, ili kuonyesha kwamba tofauti baina yao inagusa haki ya msanii kutajwa kwa jina lake. Mfano unaotumika ni wa Seydou Keïta wa Mali. Ingawa nchi hiyo si ya Waswahili, kisa chake kinaidhihirisha tofauti hiyo waziwazi.

2.0 Kisa cha Keïta

Keïta alizaliwa Bamako mnamo 1921, akafungua studio yake mjini humo mwaka 1948. Wateja walikuja wamevaa nguo zao bora; wengine waliazima saa, redio au suti zilizowekwa hapo studio. Alitumia zaidi mwanga wa jua, na nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye nakshi. Picha nyingi alizowauzia zilipigwa muhuri wa jina lake.

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina la mpiga picha. Ilielezwa tu kuwa hajulikani. Baadaye André Magnin kutoka Ufaransa alisafiri hadi Bamako kumtafuta, akampata. Mwaka 1994 Keïta alifanyiwa maonyesho ya peke yake jijini Paris. Alifariki mwaka 2001.

3.0 Uchambuzi

Kitenzi gundua hubeba dhana ya kukifichua kilichofichika. Kipimo chake ni mwenye kugundua: jambo huhesabiwa jipya kwa kuwa yeye hakulijua. Kitenzi tambua, kinyume chake, hudai ujuzi uliotangulia. Amtambuaye nduguye katika umati wa watu hajamgundua. Kwa hiyo, kusema kwamba Keïta "aligunduliwa" ni kuufuta ujuzi wa wakazi wa Bamako waliopanga foleni mlangoni pake.

Aidha, umbo hajulikani linastahili kuangaliwa. Hili ni umbo la kauli ya kutendeka, na kwa kawaida kauli hiyo haimtaji mtenda. Msomaji huelezwa kwamba mtu hajulikani, lakini haelezwi ni nani asiyemjua. Hivyo upungufu wa mtazamaji hugeuzwa kuwa sifa ya mtazamwa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina usemi unaolisahihisha kosa hilo. Kupiga picha husemwa kwa mwenye kamera, na pia kwa anayekaa mbele yake: "Jana bibi na wajukuu walikwenda studio kupiga picha." Hapa bibi ni mtenda, wala si mtendwa. Sarufi hiyo inaafikiana na hali ya studio ya Keïta, ambako mteja alichagua vazi na pambo, na fundi akamwongoza jinsi ya kukaa. Picha ilikuwa kazi ya watu wawili, na wote wawili walijuana.

4.0 Hitimisho

Suala hili halikomei Mali. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimo picha za studio ambazo wenye kuzikumbuka wanazidi kupungua. Siku zitakapoingia katika makumbusho na vitabu, maelezo chini yake yataandikwa kwa Kiswahili pia. Mwandishi wa maelezo hayo, kabla ya kuandika kwamba mpiga picha hajulikani, hana budi kujiuliza: hajulikani kwa nani? Pengine jina limo nyuma ya picha, au midomoni mwa jirani ambaye bado hajaulizwa. Panapokuwa na mtu wa kuulizwa, kazi inayotakiwa ni kutambua.