MABAKA YA MIGUUNI: UZEE, USUBI NA TIBA YA LEZA

Wananchi waliowahi kuishi au kulima Ifakara, Mahenge na sehemu nyingine za Bonde la Kilombero wanaelezwa kwamba mabaka meupe yanayotokea kwenye miundi ya miguu si lazima yawe alama ya uzee. Huenda yakawa athari ya usubi.

Usubi ni jina la ugonjwa na pia la inzi mdogo mweusi anayeueneza. Inzi huyo huzaliana katika mito iendayo kasi, kama ile iteremkayo kutoka milima ya Mahenge. Anapouma huingiza mwilini vijidudu ambavyo hukua kuwa minyoo. Minyoo iliyokomaa huishi ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka 10 hata 15, ikizaa watoto wengi mno wanaotambaa ngozini. Watoto hao wanapokufa mwili hupambana nao. Ndipo huja mwasho usiomwacha mtu kulala, na baada ya miaka mingi rangi ya miundi hutoweka vipande vipande, yakabaki madoa meusi kuzunguka vinyweleo. Hali hiyo huitwa ngozi ya chui. Wakifika machoni huleta upofu.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1965 Profesa Rudolf Geigy, mwasisi wa maabara ya Waswisi ya Ifakara, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya usubi wa Ulanga. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha tena kuwa katika vijiji vya Mahenge vyenye usubi mwingi, kifafa nacho ni kingi, hasa kwa watoto na vijana.

Wapo wanaouliza kama leza ifutayo madoa ya uzee yaweza kuwafaa. Madoa ya uzee hutokana na jua la miaka mingi, na ni rangi iliyozidi. Mwanga wa leza hunywewa na rangi hiyo, ukaipasha moto na kuivunja. Baka la usubi ni kinyume chake: rangi imekwisha, na leza hiyo haina cha kuvunja. Tena ngozi nyeusi hunywa mwanga mwingi, hivyo mashine isiyoendeshwa na mjuzi yaweza kuunguza na kuacha baka baya kuliko la kwanza.

Dawa ya usubi ni aivamektini, ijulikanayo vijijini kwa jina la Mectizan, ambayo watengenezaji wake waliahidi mwaka 1987 kuitoa bure. Ugawaji wake Mahenge ulianza mwaka 1997, na tangu 2019 umekuwa mara mbili kwa mwaka. Kipimo hufuata urefu wa mtu. Wajawazito na watoto wasiofikia sentimita 90 hawapewi. Dawa huua watoto wa minyoo, lakini haiui wazazi wao, ndiyo maana hurudiwa miaka mingi. Rangi iliyopotea mara nyingi hairudi. Kinachookolewa ni macho.

Visiwani hakuna usubi, na tabibu huenda asiufikirie. Kwa hiyo aliyetoka bondeni, hata miaka 10 iliyopita, akiwa na mwasho, vinundu au mabaka, anashauriwa kumweleza tabibu alikoishi, ili akatwe kijipande cha ngozi kipimwe. Baka lisilohisi mguso lapasa kuonyeshwa hospitali mara moja, kwani laweza kuwa ukoma.