Ua la Mzoga: Uadimu Usiohesabiwa kwa Vyungu

Siku hizi ni nadra mwaka kupita bila bustani fulani ya mimea ya Ulaya, Marekani au Australia kutangaza kwamba ua la mzoga limechanua, na watu wakapanga foleni hadi usiku wa manane, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuziba pua. Basi mtu ana haki ya kuuliza: mmea unaochanua mara nyingi hivyo utaitwaje adimu? Jibu langu ni kwamba uadimu wake haumo katika idadi ya vyungu bali katika maumbile yake. Ukiyachunguza sehemu kwa sehemu, utaona jinsi msitu wa Sumatra, nchini Indonesia, unavyoweza kubaki na mimea hiyo ikiwa hai na yenye afya, huku kizazi chake kikiwa kimeshakatika.

Jina lake la kitaalamu ni Amorphophallus titanum, na ni wa ukoo mmoja na magimbi. Mtaalamu wa mimea kutoka Italia, Odoardo Beccari, aliukuta Sumatra mwaka 1878. Mche uliotokana na mbegu alizopeleka Florence ulifika bustani ya Kew, London, ukachanua mwaka 1889. Chini ya ardhi una kiazi ambacho mara nyingi huzidi kilo 50. Kimoja kilichopimwa Edinburgh kilifika kilo 153.9. Kutoka kiazi hicho huchipua jani moja tu. Asiyelijua atadhani ni mti mchanga, kwa maana kikonyo chake cha kijani chenye mabaka meupe huweza kupanda hadi mita sita, kisha hugawanyika pande tatu zilizojaa vijani. Jani hilo huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hunyauka, kiazi hulala miezi kadhaa, na jingine huota. Mchezo huo hurudiwa kwa miaka saba, hata kumi, ndipo akiba itoshe kuchanua mara ya kwanza.

Na kinachochanua si ua moja. Katikati husimama gunzi refu, tupu ndani, linaloweza kufika mita tatu, limezungukwa na ala moja pana, kijani kwa nje na zambarau iliyokolea kwa ndani. Maua yenyewe mgeni hayaoni: yamejificha chini kabisa ndani ya ala, mamia ya kike, na juu yake mamia ya kiume. Usiku wa kwanza gunzi hupata joto linalokaribia la mwili wa binadamu, na joto hilo hueneza harufu yenye salfa, ileile ya nyama iliyooza. Mbawakawa na inzi wanaotafuta mzoga huja mbio. Usiku huo maua ya kike yako tayari kupokea chavua, lakini ya kiume bado. Chavua hutoka jioni ya pili, na hapo ya kike yameshapitwa. Kwa hiyo mmea uliochanua peke yake, hata ukinuka namna gani, hauzai. Lazima uwepo mwenzake, ndani ya umbali ambao mdudu anaweza kuruka, aliyetangulia kuchanua kwa siku moja hivi.

Sasa piga hesabu. Mimea inayochanua mara moja baada ya miaka kadhaa inahitaji majirani wengi mno ili miwili tu iangukie wiki moja. Msitu mpana unaweza kuwa nao. Kipande kilichobaki kati ya mashamba ya michikichi hakinao, na mwaka 2018, shirika la IUCN lilipouorodhesha kuwa hatarini kutoweka, idadi iliyokadiriwa porini haikufika 1,000. Atatokea wa kusema kwamba mimea mingi hutanguliza maua ya kike, magimbi yenyewe yakiwemo, na haijapotea. Ni kweli, ila gimbi lina mkulima wa kulipandikiza, halimsubiri inzi.

Hoja nzito zaidi ni ya bustani zenyewe. Huko mtunzaji hutoboa dirisha kwenye ala, hupaka kwa brashi chavua iliyohifadhiwa kwenye baridi na kutumwa kutoka bustani nyingine, na matunda hupatikana. Sibezi kazi hiyo, imezaa miche mingi. Lakini sehemu kubwa ya mimea hiyo inatokana na wazazi wachache, na kumbukumbu za nasaba zinaonyesha ndugu wakichavushwa na ndugu, tena mara nyingi bila mtunzaji kujua kwa kuwa chavua ilifika bila maelezo ya asili yake. Kosa hilo linarekebishika kwa daftari zuri. Lisilorekebishika bustanini ni safari ya mbegu. Porini matunda mekundu humezwa na hondohondo, ambao huzidondosha mbegu mbali na mama yao. Na hondohondo hutaga kwenye mashimo ya miti mikubwa iliyozeeka, ambayo ndiyo mkata mbao huianza.