Kibodi Moja kwa Kompyuta Tatu
Mtu afanyaye kazi nyumbani, mwenye kompyuta ya mwajiri, yake mwenyewe, na pengine ya tatu ya kuhifadhia majalada, aghalabu meza humjaa vyombo hata akakosa pa kuweka daftari. Dawa yake ni swichi ya KVM, kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta zote kwa nyaya, kisha kibodi, kipanya na skrini moja vikachomekwa humo. Na kwa kubonyeza kitufe tu, mtumiaji huhama kutoka mashine hii hadi ile.

Lakini mnunuzi na atahadhari. Kila skrini huipa kompyuta taarifa za ukubwa na uwezo wake, ziitwazo EDID; swichi hafifu huzikata kila unapohama, kompyuta ikadhani skrini imeng'olewa, na madirisha uliyoyapanga yakavurugika, jambo liudhilo mno, ilhali swichi bora huzihifadhi daima. Kadhalika, swichi ya HDMI 1.4 haivuki picha 30 kwa sekunde katika skrini ya 4K, lakini HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, hufikia 60, nami naona tofauti hiyo yastahili gharama yake.

Ziko pia programu, kama Synergy, zipitishazo kibodi na kipanya katika mtandao wa nyumbani, ila skrini haziigawi.