Mwonyi Umehamia Shambani

Katika vijiji vya Waluhya vinavyopakana na Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, mwonyi hutambulika kwa pua kabla ya jicho. Kwa kuutazama ni kichaka tu, chenye vimaua vyeupe vidogo vilivyojipanga mafungu mafungu kuzunguka kikonyo. Fikicha jani moja, harufu ya kafuri itakupanda hadi utosini. Wataalamu wa mimea wanauita Ocimum kilimandscharicum, kwa jina la mlima ulio mbali na hapa. Ni jamaa ya mrehani, ingawa sidhani kuna bibi harusi atakayeusuka kwenye kikuba.

Zamani hakuna aliyehangaika kuupanda. Ulijiotea kandokando ya msitu na kwenye mashamba yaliyoachwa yapumzike, na aliyeuhitaji alikwenda kuuchuma. Mafua yakiingia nyumbani, majani yalichemshwa chunguni, mgonjwa akafunikwa blanketi na kujifukiza mpaka jasho limtiririke na pua zizibuke. Tumbo likisokota, maji yake yalinywewa, machungu yasiyosahaulika. Jioni matawi yaliwekwa juu ya makaa kufukuza mbu, na majani makavu yakachanganywa na nafaka ghalani ili fukusi wasiimalize. Hili la ghalani ndilo linalonivutia zaidi. Watafiti walipolijaribu katika maabara walikuta majani hayo na mafuta yake yanaua fukusi kwelikweli. Akina nyanya walikuwa wamekwisha kulijua kwa kuhesabu madebe yaliyosalia.

Msitu wenyewe, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 240, ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1933, lakini sheria haipiki ugali. Eneo hili lina watu wengi kuliko sehemu nyingi za mashambani nchini Kenya, vishamba ni vidogo, na kila siku kuna anayehitaji kuni, makaa, nyasi au dawa.

Hapo ndipo kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilipoutoa mwonyi porini na kuufanya zao. Kwa ushirikiano na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, majani hupitishiwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yanayopatikana yakatengenezewa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Mkulima haudekezi mwonyi. Mbegu zake ndogo huatikwa kitaluni, miche ikihamishwa mvua zinapoanza. Ukishashika mizizi hujitafutia wenyewe. Ukikatwa huchipua tena, hivyo huvunwa mara kadhaa kwa mwaka, ilhali jirani aliyepanda miwa anasubiri mwaka na nusu au zaidi ndipo alione lori. Kazi ipo kwenye kukausha. Majani huanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huondoka na mafuta, na aliyeharakisha hubaki na gunia la makapi.

Wapo wanaolalamika kwamba dawa ya wazee imegeuzwa bidhaa. Siungani nao sana. Desturi ya kuchuma bure ilifaa watu walipokuwa wachache na msitu mpana, na mama mwenye robo eka anayelipwa kwa majani ya mwonyi ana sababu ya kuulinda mmea huo vyema kuliko bango lolote la msituni. Ninachokihofia ni kingine. Zao moja limepata soko, nalo ndilo watoto wanalolijua; mizizi na magome mengine ya msitu, yasiyo na mnunuzi, hayana anayeyauliza. Hata mwonyi wenyewe una masharti yake. Kafuri ikimezwa kwa wingi ni sumu, na haipakwi puani mwa mtoto mchanga. Kwenye chupa ya dukani onyo kama hilo huandikwa, lakini tawi lililokatwa uani halina karatasi. Lazima awepo mtu jikoni wa kusema chungu kitiwe majani mangapi, na nani asifunikwe blanketi.